Sura za Watu Juu ya Mupunga

Labo yangu ya foto za rangi ilikufa mbele yangu, na mimi ndiye niliifunga kufuli. Watu wa Kasongo wakipita pale leo wanaona duka la kuchaji telefoni. Hawajui kwamba kile chumba cha nyuma, chenye mwenye duka anawekea magunia ya chumvi, kilikuwa chumba cheusi, na kwamba ndoa na ubatizo wa watu wengi, kutoka hapa hadi Kabambare, zilipita mule mu giza zikatoka na rangi. Kazi ile nilijifunza kwa macho. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa shule ya msingi, na nyumba yenye ninaandikia haya niliijenga kwa foto. Hakuna mutu aliyenijengea.

Telefoni zilipokuja, wapiga picha wa baiskeli waliacha kuniletea filimu, mumoja mumoja. Dawa ya kusafishia foto ikakosekana. Mashini yangu ya kutolea foto, yenye ilifika na lori kutoka Kindu, imefungwa blanketi kama mugonjwa, ikanyamaza. Fundi mumoja akatoa mota yake akaifanyia kinu. Kifuniko chake kuku wangu wanatagia ndani. Jirani aliniomba matanki ya dawa aloweke mihogo. Niliyatoboa kwa musumari mbele ya macho yake, maana dawa ile haitoki hata usugue na muchanga. Alinuna. Anune, lakini yuko hai.

Kitu chenye kilibaki kingi ni negatifu, vile vipande vya filimu vyenye foto zilitolewa. Kwingine, nasikia, watu walikuwa wanakwenda nazo nyumbani. Kwetu, mutu alikuwa anachukua foto na kusukuma negatifu kando. Anajiona mule, ngozi imekuwa nyeupe, meno meusi, macho yanawaka, anasema: "Huyu si mimi, huyu ni muzimu wangu. Baki naye wewe." Basi nilibaki nao. Kuandika kulinichosha, kwa hiyo nilikata alama pembeni kwa makasi: pengo moja ni filimu za mupiga picha wa Wamaza, mapengo mawili ni za Kabambare, na zisizo na pengo ni za hapa Kasongo.

Labo ilipokwisha, muke wangu akasema ndege wanamumalizia mupunga. Filimu inang'aa na jua, na upepo ukiipiga inalia. Nikamwambia achukue. Mimi mwenyewe nilimufungia kamba kutoka muti hadi muti, na kila musimu sura za watu zilining'inia pale, na ndege wakaogopa kama vile wateja wangu walivyoogopa.

Musimu huu, masuke yameanza kuinama, mwanamuke mumoja alishuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, mbele ya nyumba yangu, matope mpaka magotini. Alitoka Wamaza. Mama yake amekufa, na kilio kitamalizwa Jumapili. Siku ile kwao wanatoa kiti cha marehemu inje, wanaweka foto yake juu, na watu wanapita kumuaga mumoja kwa mumoja. Yeye alikuwa na kiti. Foto hakuwa nayo, zote ziliungua pamoja na nyumba wakati walipokimbilia porini.

"Baba, walinambia foto zote za Wamaza zilipitia mikononi mwako."

"Hawakukudanganya."

"Mama alipigwa moja tu ya rangi. Amekaa, na leso ya manjano, amepakata redio."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Redio ile ilikuwa ya mupiga picha, alikuwa anaibeba nyuma ya baiskeli. Wamaza muzima waliipakata.

"Redio haitatusaidia, binti yangu."

"Itatusaidia. Mama aliishika kichwa chini. Baba alimucheka kwa ile mpaka siku yeye mwenyewe alikufa."

"Kama ni hivyo, twende shambani."

"Shambani kufanya nini?"

"Ndiko mama yako aliko. Anafukuza ndege."

Aliniangalia vile mutu anaangalia muzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Lakini alinifuata.

Muke wangu alikuwa anapalilia ukingo. Nilimueleza. Hakuacha jembe.

"Pole kwa musiba, mwanangu. Lakini mukifungua kamba leo, kesho ndege wako humu. Na huyu muzee hawezi kula foto."

"Sitafungua, Mama. Nitaangalia tu."

"Haya, angalia. Usinikanyagie mupunga."

Tukaanza. Mimi nilikuwa natafuta pengo moja la Wamaza kwa kidole gumba, macho yangu hayana nguvu tena. Nikilipata namupa, yeye anainua filimu kwenye jua. Nyingi zilikuwa tupu. Jua na mvua vilikwisha kuwala watu, ikabaki plastiki safi kama maji. Pale ilipokuwa ndoa, hakuna bibi wala bwana. Sikujua kwamba zimefika kiasi kile. Nilikuwa naziona kila siku kwa mbali, zinang'aa, na kitu kikiwa kinang'aa unadhani kiko kizima. Yule mwanamuke, kila tupu nyingine alikuwa anairudisha kwenye kamba polepole, kama mutu anamufunika mwenye kulala.

Nikasikia jembe limenyamaza. Muke wangu alianza kutafuta upande wa pili. Ni yeye aliita.

"Muzee! Huyu wa hapa redio yake inaangalia chini."

Filimu ilikuwa imekunjwa ndani ya fundo, chini ya majani, na fundo lile ndilo liliikinga. Kamba ilitoboa filimu pale penye goti la mama. Sura ilikuwepo.

Muke wangu akafungua lile fundo, binti akaiinua. "Ni mweupe. Simujui."

"Ngoja," nikamwambia.

Nilimupeleka mule mu labo yangu ya zamani, kwa yule wa kuchaji telefoni. Mwenye duka aliweka filimu juu ya kioo cha telefoni chenye mwanga, akaipiga foto kwa telefoni nyingine, akageuza rangi. Kazi yenye mimi nilifanyia mu giza, na maji ya moto na kuvuta pumzi kidogo kidogo, yeye aliifanya amesimama, huku anamujibu muteja wa chaji. Mama akatokea. Leso haikuwa ya manjano tena, ilikuwa na kijani cha ugonjwa, na mukwaruzo umepita begani. Lakini alikuwa anatazama.

Binti yake alimuangalia sana.

"Mama," akasema, "bado umeishika vibaya."

Ndipo akalia.

Aliondoka na moto ile ile, maana mashini ya kutoa foto kwenye karatasi iko karibu na soko na Jumapili haimungoji mutu. Mimi nilirudi shambani. Kamba zote zilikuwa chini. Muke wangu alikuwa amejaza filimu ndani ya kitunga, zenye watu na zenye tupu pamoja.

"Na ndege?"

"Nitawapigia sahani. Wewe peleka hawa nyumbani."

Nilizisafisha mu beseni, maji mara mbili, vile nilivyokuwa nafanya. Nilizitundika chumbani na vibanio vile vile vya zamani. Zile tupu pia nilizitundika. Siku ile na siku zenye zilifuata, mpaka mavuno, nilikuwa namusikia kule shambani anapiga sahani.