Ngamia wa Adeer Hassan Ubaoni

Leo nimemwibia mzee ngamia wake kwa chaki.

Darasa langu la Kiingereza la watu wazima hapa Garissa, saa tisa alasiri. Mbele ameketi mzee Hassan, tunayemwita Adeer, yaani ami kwa Kisomali. Joto kali, feni inazunguka polepole, hata sauti yangu naisikia kwa mbali kama ya mtu mwingine.

Nikaandika kwa Kiingereza: ngamia wa Adeer Hassan ni mnene. "Mnene" ni kivumishi, nikasema, kinaeleza alivyo.
Chini yake: ngamia wa Adeer Hassan ameibwa. Hapo ni kitenzi, kuna mtu amefanya.

Adeer akasimama taratibu.
"Mwalimu, umesifu ngamia yangu bila mashallah. Jicho mbaya hiyo. Halafu tena unaiba?"

Akatoka kumpigia simu mchungaji wake. Sisi wote tukangoja, chaki inalowa jasho mkononi mwangu.

Akarudi. "Iko. Inakula."

Nikafuta yote. Nikaandika: pikipiki ya mwalimu ni nzuri. Pikipiki ya mwalimu imeibwa.

Adeer akaninong'onezea mashallah kwa niaba yangu.

Nichekeni tu. Lakini darasa lilipoisha, mimi ndiye niliyetoka wa kwanza, mbio, kuiangalia.