Meno ya Juu ya Désiré

Zacharie hakuwa mjinga; ugonjwa wake ulikuwa kupenda sifa. Mwaka wa 1956, katika shule ya walimu Stanleyville, mji ambao wenyewe tunauita Kisangani, Frère mmoja, mtawa mwalimu, aliwafundisha jinsi mtu anavyokua, tangu ziwa la mama mpaka mkongojo. Kila mwanafunzi akapewa kazi: chagua mtoto wa nyumbani, umwangalie mwaka mzima, andika kila kitu.

Akamchagua Désiré, mtoto wa dada yake Élise, aliyekuwa akikaa kwao wakati mumewe yuko safarini kwenye meli. Akaandika siku mtoto alipoketi, siku alipotambaa. Mtoto alipofika miezi minane, Élise akamvuta Zacharie kando, akafunua mdomo wa mtoto. Meno mawili ya juu. Chini, hamna kitu.

“Usiambie mutu,” alisema Élise. “Kwa wakwe zangu Yanonge, huyu iko kigego, mutoto wa kuleta kifo. Wanamubeba, na harudi.”

“Sasa mimi nitamwambia nani?”

Ajabu ya binadamu! Siku hiyohiyo akaandika, kwa wino na mwandiko wa kupendeza: meno ya juu yametangulia. Daftari si mtu, alijiambia.

Frère alifurahi mno. Akalisoma mbele ya darasa zima, jina la mtoto, jina la mama, yote, akampa kumi na nane juu ya ishirini. Zacharie kichwa kikavimba. Ndipo akamwona René, kijana wa Yanonge, ameweka kalamu chini, anamkodolea macho.

Alimkimbilia uani. “René, ndugu yangu, yale ni mambo ya masomo tu.”

“Mimi sikusikia kitu,” René akasema, akiangalia pembeni. Zacharie aliogopa, tena sana, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi mama mkwe wa Élise akaja na mtumbwi, na samaki wa kukauka, na mashemeji wawili waliobaki mlangoni.

“Lete mujukuu wangu nimupakate.”

Akamtekenya taratibu, huku anamwimbia. Désiré, maskini, akacheka kinywa wazi. Bibi akakatiza wimbo, macho kwenye yale meno mawili.

“Bon,” alisema, akimfunga mgongoni. “Anaenda kuona babu yake.”

Élise alilia, akamng’ang’ania mtoto mguu, mashemeji wakambandua. Hakumtazama mama mkwe hata mara moja. Alimtazama kaka yake.

Mwezi uliofuata Frère alifungua daftari, akakuta tarehe tupu.

“Zacharie, wewe wa kwanza wangu! Vipi, meno ya chini yameshaota?”

“Sijui, Frère,” Zacharie akajibu, na darasa zima likacheka, isipokuwa René.