Kichocho Hakimfanyi Mtoto Kuwa Mwali

Mimi ni mbishi, najijua. Na kuhusu minyoo bapa sitaki hata kubembelezwa, maana kidogo wanipokonye mwanangu.

Binti yangu wa miaka kumi alikuwa likizo kwa bibi yake, mama mkwe wangu, bonde la Ruvuma, kule juu ambako maji ya chumvi hayafiki na watu wanalima mpunga. Nilipomfuata nilikuta ua umefagiliwa na wanawake wanatwanga muhogo kama wa sherehe. Mama mkwe akanipokea kwa vigelegele. "Mjukuu wangu amevunja ungo," akasema. "Wiki hii anachezwa unyago."

Nikamwita mtoto pembeni, nikamuuliza. Damu ilitoka akikojoa tu, mwishoni, na mkojo ulimchoma. Kutwa nzima alikuwa akishinda kwenye maji ya majaruba ya mpunga na wenzake. Nilichemka.

"Mama, hiki ni kichocho."

"Kichocho ni cha wavulana," akanijibu. "Kwa msichana damu ni damu. Usituletee elimu yako ya shule ya Mtawanya."

Elimu yangu yenyewe iliishia kidato cha pili, na somo nililolishika ni hilo. Minyoo bapa ni ukoo mmoja, makazi mbalimbali. Wapo wanaojiishia zao baharini. Maji yakipwa pale Mikindani, geuza jiwe utamwona mmoja, mwembamba kama ganda la kitunguu, hana shida na mtu. Yupo tegu, anakaa tumboni mwa watu na hata mdomo hana. Halafu yupo huyu wa kichocho, anayekulia ndani ya konokono wa maji baridi, akitoka humo anapenya ngozi ya mtu na kuhamia kwenye mishipa ya kibofu. Hachagui mvulana wala msichana. Niliyasema yote hayo palepale uani, na wanawake wakacheka. Mmoja akaniuliza kama mnyoo wangu ana cheti. Nikamwambia acheke mpaka achoke, mwanangu haingii unyagoni.

Mume wangu akapiga simu kunisihi nisimvunjie mama yake heshima. Nikakata. Asubuhi nikampeleka mtoto zahanati. Mkojo ukapimwa, mayai ya kichocho yakaonekana, akapimwa urefu na kupewa vidonge kulingana na kimo chake, vikubwa na vichungu, akavimeza huku analia.

Tuliporudi nikaketi mbele ya mama mkwe. "Si mwali, mama. Ni mgonjwa, na dawa ameshameza."

Nilitegemea matusi, na majibu yake nilikuwa nayo tayari. Akaitazama miguu yake.

"Mimi nilichezwa kwa damu kama hiyo," akasema. "Nikaozwa. Damu ya mwezi yenyewe niliiona nikiwa kwa mume."

Hasira zangu hazikuisha, ila hazikuwa juu yake tena.

"Basi kosa hilo linakomea kwa huyu, mama."

Akainuka mwenyewe, akaenda kuwaambia wenzake waache kutwanga.