Habari Iliyokosa Nafasi Mezani

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, maana sare za watoto wote wa pale zilitoka kwenye cherehani yake. Mwaka huo alikuwa na jambo la kuwaambia ndugu zake, na jambo lenyewe lilikuwa limemkaa kooni tangu mvua zilipoanza. Alitaka kuolewa. Mjane wa miaka mingi, mwenye wajukuu, alikuwa amempata fundi bomba aliyekuja kutengeneza koki ya jikoni, kisha akawa anarudi hata koki isipovuja.

Shida ilikuwa kaka yake mkubwa. Tangu baba yao alipofariki, huyo alijitwisha ubaba wa familia nzima, na sauti yake ikishapanda, mazungumzo yamekwisha. Ndipo Mama Sare alipopata wazo: awaalike kwenye mgahawa wa ile hoteli kubwa yenye zulia mpaka kwenye ngazi. Mahali kama pale kaka angeona haya kufoka. Wangekula, wangecheka, mioyo ingelainika, naye angesema.

Walifika watano: yeye, kaka na mkewe, mdogo wao dereva wa lori, na kitinda mimba wao, muuguzi, aliyetoka zamu bila hata kutia kitu tumboni. Mambo yalianza kwenda mrama mlangoni. Dereva alikuwa amevaa makubazi.

"Samahani, bwana," alisema mhudumu mwenye glavu nyeupe, "hapa haturuhusu vidole vya miguu kuonekana."

"Vidole vyangu vimekosa nini?"

Wakamletea viatu vya kuazima, vikubwa mno, akaingia navyo akiburuta kama mtu anayevuka tope. Wifi, mke wa kaka, alijibana asicheke, akashindwa.

Mezani kulikuwa na chombo cha maua kirefu, kimesimama katikati hasa. Mama Sare hakumwona kaka yake, aliona majani tu. Akakisogeza pembeni. Mhudumu akaja, akakirudisha pale pale. Kisha akakunjua vitambaa na kumwekea kila mmoja mapajani, na kaka, ambaye hakutegemea mkono wa mtu mapajani mwake, aliruka nusu asimame.

"Hebu niache nijiwekee mwenyewe! Mimi mtoto?"

Sauti tayari imepanda, Mama Sare akawaza, na hata maji hatujanywa.

Walikaa. Wakakaa tena. Kikaja kikombe kidogo cha supu, kiasi cha kulowesha ulimi, na nyuma yake hotuba: supu imetengenezwa vipi, ichotwe kutoka upande gani. Dereva alikuwa ameshaimaliza kabla hotuba haijafika katikati. Mama Sare akaona huo ndio mwanya wake.

"Ndugu zangu," alianza, "nimewaita kwa sababu..."

"Samahani, madamu, naomba nitoe vikombe."

Vikombe vikatolewa kimoja kimoja, kana kwamba ni mayai. Zikaja sahani kubwa zilizofunikwa mifuniko ya fedha, na wahudumu wanne wakajipanga nyuma ya viti. Hakuna aliyefunua.

"Tunasubiri nini?" muuguzi aliuliza. Macho yake yalikuwa yanajifumba.

"Mwenzetu wa tano. Mifuniko hufunuliwa yote kwa pamoja."

"Jamani, chakula kinapoa!"

"Ndiyo utaratibu, dada."

Huyo wa tano alikuja mwisho wa yote, amekimbia, anahema. Mifuniko ikapaa. Chini yake kulikuwa na kipande cha samaki cha ukubwa wa kidole gumba, na mchuzi umezungushwa pembeni kama sahihi ya bosi.

"Hiki ndicho cha kuonja?" dereva akauliza.

"Ndicho chenyewe, bwana."

Kaka aliomba chumvi. Akaambiwa, kwa adabu ya kuudhi, kwamba mpishi mkuu ameshapima ladha. Hapo ndipo alipowaka, na chumba chote kikageuza shingo. Kumbe zulia na mishumaa havikumtia haya hata kidogo! Wifi akawa anamvuta shati, dereva anachochea, na muuguzi ameshika kichwa. Mama Sare alifungua kinywa mara ya pili, mara ya tatu. Kila akifungua, ama glavu nyeupe inapita mbele ya pua yake kuokota makombo, ama kaka anauliza meneja yuko wapi. Machozi ya hasira yalimlenga. Aliyameza.

Walipotoka nje, kila mtu alikuwa na njaa na kinyongo. Kaka akasema, "Umetuita kututesa, wewe," akaingia garini.

Kesho yake Mama Sare alilazimika kupiga simu moja moja, akirudia maneno yale yale kama anayesoma tangazo. Muuguzi alipiga kigelegele, kisha akanuna. "Dada, mbona hukusema jana tukiwa wote? Ningekukumbatia!" Dereva alicheka mpaka akakohoa, akasema huyo shemeji asithubutu kuwaalika hotelini. Kaka hakusema kitu. Mama Sare alisikia pumzi zake tu, kisha simu ikakatika.

Alirudi kwenye cherehani, akashona kola kinyume, akaifumua, akaishona tena vibaya. Jua lilikuwa linaelekea kuzama kaka alipopiga.

"Mwambie aje nimwone."

"Aje kwa heri, Kaka, au..."

"Nimesema aje."

Ikakatika tena. Mama Sare akabaki na simu mkononi, hajui kama amepewa ruhusa au mchumba wake ameitwa kuhojiwa. Kama kaka angekuwa mbele yake, angalau angemsoma usoni. Aliguna, akampigia fundi bomba, akamwambia atafute shati la mikono mirefu.