Alama ya Tatu ya Fito

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapungua saa mbili, ikarudi na upepo wa ziwani. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku ile, nimekaa kwenye baraza la duka huko kisiwani Ukerewe, na kurasa zimevimba kwa maji. Yaliyofuata sikuyaandika. Nayaandika sasa, na nikikosea mahali nisamehewe, maana niliishia darasa la saba na kumbukumbu yangu si ya kuapia.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Vijana wa Machochwe, Ringwani mpaka Natta waliacha majembe wakaingia mashimoni, na aliyepata alinunua pikipiki kabla ya godoro. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa anakaa kwetu, na yeye hakupata. Aliendesha pikipiki ya tajiri mmoja wa pale kijijini, akibeba wachimbaji na mifuko ya mawe. Tajiri akamwambia airudishe Jumapili ya tarehe kumi, jioni, kwa kuwa amepata mtu mwingine wa kumpa. Nisimseme vibaya tajiri, pikipiki ilikuwa yake na alimpa taarifa mapema.

Ndipo tukasikia kisiwani kuna sikukuu ya mbio za pikipiki za barabarani, na wa kwanza anapewa pikipiki mpya.

"Kaka," mdogo wangu akaniambia, "nikishinda, Jumapili namrudishia yake na ninakuja nyumbani na yangu. Nisiposhinda nitakuja kwa miguu. Sina la tatu."

Tulitoka Ijumaa, pikipiki nane, mimi nimepakiwa nyuma yake. Tulipita Mugumu na Bunda hadi Kisorya, na hapo tukaingia kwenye kivuko. Ziwa lilikuwa limechafuka. Waendeshaji wetu wote wanane walibaki wamekaa juu ya pikipiki zao, miguu chini, mikono kwenye breki, kana kwamba chombo kikiyumba wao watakizuia. Sisi ni watu wa milima na ng'ombe, maji mengi hatujui tabia yake. Baharia mmoja akaja akacheka.

"Nyie Wakurya, shukeni. Hapa breki haisaidii."

"Nikishuka itaanguka," mdogo wangu akasema.

"Ikianguka itaangukia sakafu. Wewe ukianguka nayo utaangukia wapi?"

Walishuka, lakini mdogo wangu aliukumbatia usukani mpaka ng'ambo.

Asubuhi ya mbio, mwenyekiti wa kamati, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, alitukusanya kwenye uwanja wa mpira. Tukamsalimu shikamoo, akaitika bila kutuangalia, anaangalia mawingu. Alisema barabara ina sehemu tano za hatari, na kila upande uliokuja kushindana utoe mtu mmoja wa kushika bendera. Wenzangu wakanisukuma mbele.

"Huyu hapa," mmoja wao akasema. "Huyu ndiye mgawaji wetu. Hana ndugu."

Inabidi nieleze. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mawe yakishapanda juu yanagawanywa mafungu: la mwenye duara, la mwenye shamba, na ya wachimbaji. Ili pasiwe na ugomvi, mtu mmoja anasimama amegeuzia mafungu mgongo, uso ukutani. Mwingine anaweka mkono juu ya fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule wa ukutani anataja mtu, haoni kama ni fungu kubwa au dogo. Kazi hiyo nilipewa mimi karibu miaka miwili. Watu walisema mimi ni mwenye haki. Mimi nilijua kwamba nilichokuwa nacho ni mgongo tu.

Mwenyekiti akanipa kalavati lililo bondeni, mahali ambapo kijito kinapita chini ya barabara. Kwa mvua ile maji yalikwisha anza kupita juu. Akanipa bendera nyekundu, na fito ambayo mwenyewe alikuwa ameikata alama tatu kwa kisu. Tuliisimika pembeni mwa kalavati.

"Maji yakifunika alama ya tatu, inua nyekundu. Hakuna kujadiliana. Hapa ukingo ni wa mawe yaliyopangwa tu, na upande wa pili ni shimo."

Kisha akawatangazia waendeshaji wote, na nakumbuka vizuri kwa sababu ndilo lililoniletea shida: mbio ni mizunguko sita. Zikisimamishwa kwa maji, anayehesabiwa wa kwanza ni aliyevuka kalavati kwanza kabla ya bendera. Lakini mtu akivuka wakati alama ya tatu imekwisha funikwa, kuvuka kwake ni bure, na tunarudi kwenye mzunguko wa nyuma.

"Wachimba dhahabu wamekuja kuchimba matope," kijana mmoja wa pale akapiga kelele, na watu wakacheka, na sisi tukacheka.

Walianza saa nne, pikipiki ishirini na kitu. Mzunguko wa kwanza walipita kwangu kwa kundi, wamejifunga mifuko ya nailoni kifuani, matope yananirukia mpaka mdomoni. Maji yalikuwa alama ya kwanza. Watazamaji waliokuwa nami walivumilia mizunguko miwili, halafu upepo ukageuza miavuli yao nje ndani, wakapanda kwenda kujikinga kwenye duka lililo juu ya kilima. Nikabaki peke yangu.

Mzunguko wa tatu, maji alama ya pili. Mzunguko wa nne mdogo wangu alipita wa kwanza. Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona, kwa kuwa eksozi ya pikipiki ile ilikuwa imetoboka na kufungwa waya, ikawa inakohoa kama mzee asubuhi. Alipita bila kunitazama. Moyo wangu ulifurahi, siwezi kukataa. Nyuma yake kwa karibu alikuja kijana wa palepale kisiwani, mwenye helmeti nyeupe.

Wakati nawasubiri mzunguko wa tano mvua ilikuja kama imemwagwa. Sikuona kilima. Nikawa nakaza macho barabarani, nikiogopa mtu asije akashuka kwa kasi asione kalavati. Mara akatokea yule wa helmeti nyeupe, peke yake, ametangulia. Gurudumu la nyuma likateleza, akaenda upande kama ng'ombe aliyekunywa pombe, akajirudisha, akaingia kwenye maji, akatoka. Alijua kuendesha kwenye matope kuliko sisi wote, hilo nalisema wazi.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Niligeuza kichwa nikatazama fito. Alama ya tatu haikuonekana. Maji ya rangi ya chai yalikuwa juu yake, na kipande kidogo cha fito kinatikisika. Nikaruka katikati ya barabara na nyekundu nimeinyoosha kwa mikono miwili.

Mdogo wangu alikuwa anashuka. Aliona bendera, najua aliona, kwa sababu aliachia mafuta kidogo halafu akaongeza. Nikasimama palepale. Sikuwa na ujasiri wowote, miguu ndiyo ilikataa kutoka. Alibana breki, pikipiki ikalala, ikateleza kwa ubavu mpaka karibu na viatu vyangu, na yeye nyuma yake amekaa kwenye matope.

"Toka, mura," akasema, kama vijana wa Kikurya tunavyoitana. Hakupiga kelele. "Toka nipite."

"Alama imefunikwa."

"Yule amepita sasa hivi. Sasa hivi!"

"Alama imefunikwa."

Aliinua pikipiki. Nikashika usukani. Tulivutana hivyo, mtu na ndugu yake kwenye mvua, mpaka wengine wakafika na kusimama nyuma yetu mmoja mmoja, na mbio zikawa zimekwisha.

Kamati ilikaa darasani, na watu wakajaa madirishani. Wenzangu walikuwa na hoja nzuri: kama maji yalifunika alama mara baada ya kijana kuvuka, nusu dakika tu, basi huenda yalikuwa yamefunika hata kabla hajavuka. Kuvuka kwake ni bure, turudi mzunguko wa nne, na mzunguko wa nne wa kwanza ni mdogo wangu. Kwa hiyo lilibaki swali moja, na aliyekuwepo bondeni ni mimi tu.

Mwenyekiti akaniuliza. "Huyu kijana wetu alipovuka, alama ya tatu ilikuwa inaonekana au haionekani?"

Mdogo wangu alisimama karibu na ubao. Suruali imechanika gotini, damu na matope vimechanganyika. Hakunikonyeza, hakunifanyia ishara. Ningependa kusema alinishawishi, ingekuwa rahisi kwangu, lakini hakufanya hivyo.

"Sikuangalia," nikasema.

"Hukuangalia fito?"

"Nilikuwa naangalia barabara."

"Na huyu ndugu yako alipokuja?"

"Hapo niliangalia."

"Kwa nini hapo uliangalia?"

Nilitaka kusema ni kwa sababu mvua ilizidi. Hilo nalo ni kweli, mvua ilizidi. "Nilisikia ni yeye," nikasema.

Mtu mmoja dirishani akacheka. Mwingine akasema kwa sauti, "Kumbe wa kwetu angekufa tu." Na mmoja wa wenzetu wa Ringwani akasema, "Si mlisema hana ndugu?" Wote wawili walikuwa na haki ya kusema.

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa shati ambalo lenyewe lilikuwa limelowa. Akauliza mara ya mwisho: "Lakini unavyofikiri wewe, ilikuwa imefunikwa?"

Nilifikiri ndiyo. Maji hayapandi vile kwa nusu dakika. Lakini nilifikiri pia kwamba mtu ambaye ndugu yake anasubiri pikipiki atafikiri ndiyo hata kama siyo. Kule kwenye duara ningegeuza mgongo. Pale hapakuwa na ukuta.

"Ninachofikiri si kitu nilichokiona," nikasema. "Sikuona."

Basi wakampa kijana wa helmeti nyeupe. Alikuja kumpa mdogo wangu mkono, na mdogo wangu akaupokea, akasema, "Unaendesha vizuri." Hakuniangalia.

Jioni ile nilirudi bondeni peke yangu. Jiwe moja la ukingo lilikuwa limeondoka. Liliondoka saa ngapi, sijui. Nilimkuta mtu amebeba baiskeli begani anavuka, maji yako chini ya magoti yake, anapiga mluzi.

Jumapili tulirudi. Ziwa lilikuwa limetulia kidogo. Kutoka Kisorya mpaka Bunda nilikaa nyuma yake. Ukipakiwa na mtu aliyekukasirikia unapata shida ya mikono, hujui umshike au ushike chuma. Nilishika chuma.

Tulipopita Natta mvua ikaanza tena, na mbele tukakuta korongo limejaa, linakata barabara. Wenzetu walikuwa nyuma. Akasimama, akazima.

"Shuka upime," akasema. "Si ndiyo kazi yako."

Nikavua viatu, nikaingia. Mkondo ulikuwa unavuta. Katikati maji yalinifika juu kidogo ya goti, chini kuna changarawe ngumu. Nikageuka.

"Panapitika."

"Kwa nani?"

 Alikuwa ameinua kioo cha helmeti na mara ya kwanza tangu jana alikuwa ananitazama.

"Kwa yeyote," nikasema.

Akawasha, akapita pembeni yangu, maji yakanipiga mpaka kifuani, akatoka upande wa pili. Nilidhani ataniacha. Alisimama huko na injini inakohoa, hakugeuka nyuma, akasubiri mpaka nimevaa viatu na kupanda.

"Kama angekuwa mwingine," akauliza tukiwa tunakwenda, mgongo kwangu, "ungeinua?"

"Ningeinua nikiangalia. Sijui kama ningeangalia."

Alikwepa dimbwi. Kisha akasema, "Ungewaambia ilifunikwa. Neno moja tu, kaka."

"Najua."

"Unajua," akasema, akakaza mwendo mpaka Machochwe.

Alinishusha nyumbani saa kumi na moja. Hakuingia. Alichota maji kwenye pipa, akaiosha pikipiki ya tajiri yote, mpaka kwenye spoku, akaikausha kwa shati lake na kwenda nayo. Mama alitoka akauliza mtoto anakwenda wapi na mvua hii. Nikamwambia anairudisha.  Mama aliangalia magoti yangu yenye matope, akaangalia njia, akarudi jikoni.

Mdogo wangu alirudi kwa miguu giza likiwa limeingia, sisi tumekwisha nawa. Mke wangu akamsogezea kigoda upande wetu wakubwa. Yeye akakaa mkekani na watoto, na mpaka leo siwezi kusema kama ni kwa hasira au ni kwa kuwa suruali yake ilikuwa imelowa na pale palikuwa karibu na moto. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mboga ya mgagani iliyopikwa kwa maziwa, na viazi vitamu vilivyobaki mchana.