Kiti cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini kama mshauri wa wanafunzi, katika chuo kikuu kimoja kusini mwa London, Mkuu wa Kitengo alinionyesha ofisi yenye meza moja na viti viwili. "Kimoja chako, kimoja cha mwanafunzi," aliniambia. "Wanaokuja hapa ni watu wazima. Wazazi tunawaacha mlangoni." Nikaitikia. Mimi niliyetoka Voi nikisindikizwa na ukoo mzima hadi uwanja wa ndege! Lakini siku ya kwanza nani anabishana na bosi?

Kazi yenyewe, kwa nyinyi mnaoianza leo, ilikuwa kusikiliza. Mwanafunzi akikwama tulimweleza njia zilizopo: kurudia mtihani, au kuahirisha masomo, yaani kusimama kwa muda bila kupoteza nafasi yake. Na tulishika faragha. Bila ruhusa yake, hata mama mzazi hakuambiwa neno.

Miaka michache kabla sijastaafu akaja Yesenia, mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili. Familia yake ilitoka Kolombia, na mama yake alikuwa msafishaji wa maofisi. Bibi yake alikuwa anasafishwa damu hospitalini kwa sababu ya figo, na Kiingereza hakujua, kwa hiyo Yesenia ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Vipindi vilikuwa vimempita vingi mno. Sasa alitaka kuacha chuo.

"Nyumbani wanasemaje?" nilimuuliza.

"Hawajui, Mama Chao. Wakijua nafeli watajilaumu. Nitawaambia masomo yamenichosha."

Mwenzangu mmoja alikuwa ameshamshauri ajiwekee mipaka na familia. Mipaka! Mtoto kalelewa na bibi, bibi anaumwa, wewe unamwambia habari za mipaka. Nilikasirika mpaka chai ikanipalia. Nikamwomba Yesenia ruhusa ya kuwaita watu wa nyumbani kwao. Alikataa, akalia, na wiki iliyofuata akakubali.

"Tunamshauri mwanafunzi, hatushauri ukoo," Mkuu wa Kitengo alinionya.

"Huyu ukimshauri peke yake, bosi, umemshauri nusu."

Alinitazama weee, kisha akaniambia niazime viti chumba cha mikutano.

Mama alikuja na sare yake ya kazi. Bibi alikuja na fimbo, na bakuli la wali na maharagwe, maana kwao kama kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Mimi Kihispania sijui hata chembe, hivyo Yesenia alilazimika kutafsiri kesi yake mwenyewe. Nikamwambia, "Waeleze ulichonieleza." Aliposema, mama alijishika kifua. Bibi akaanza kufoka, fimbo inagonga sakafu.

"Anasemaje?"

"Anasema..." Yesenia akaishika ile fimbo. "Anasema hakuja huku ili mimi nikae kando ya kitanda chake. Hospitali itafute mkalimani. Akiniona kule tena siku ya masomo, atanifukuza."

Wakalimani hospitali ilikuwa nao siku zote. Ila familia ile ilidhani kumwomba mgeni ni sawa na kumtupa bibi. Nikawasaidia kuomba, na Yesenia akarudi darasani.

Bibi alifariki Yesenia akiwa mwaka wa mwisho, asubuhi ya mtihani. Alikuwa ameagiza mjukuu asiambiwe mpaka atoke kwenye mtihani. Mkalimani alikuwepo kando ya kitanda, Yesenia hakuwepo. Alikuja ofisini kwangu, akagoma kukaa. "Wewe ndiye uliyenitoa pale," aliniambia, akaondoka. Mpaka leo nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani Lewisham neno hilo hunirudia, na huniuma.

Siku ya kuniaga kazini alitokea, sasa ni mhandisi. Tulikula keki. Mwishowe nikajikaza.

"Umenisamehe?"

"Bado, Mama Chao." Akafuta midomo. "Lakini mdogo wangu anaanza chuo mwezi ujao. Nimemwambia siku ya kwanza aende kwa mshauri na mama, na waombe kiti cha tatu."