Saa Iliyokunywa Maji

Tabora haina bahari wala mto wa maana, na bado mji huo ulikuwa na mpiga mbizi wake. Jina lake Shomari Mwinyigoha, fundi bomba wa idara ya maji, mkazi wa Gongoni. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyepanda bara na misafara, mzigo kichwani. Akafika Tabora, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Mjukuu alizaliwa papo hapo, na pwani hakuwahi kuitia machoni, lakini ukimwuliza kabila alikujibu "Mzaramo" kwa kifua, utadhani ameshuka jana kwenye gari moshi.

Kupiga mbizi alifundishwa na wageni waliokuja kulitengeneza bwawa la mji miaka michache baada ya Uhuru. Walipoondoka waliacha mitungi miwili ya hewa, mashine ya kuijazia, na saa moja ya mkononi isiyoingia maji. Kazi ya Shomari ilikuwa kushuka hadi kwenye mdomo wa bomba kubwa, chini kabisa, na kung'oa magugu yaliyoziba chujio. Huko chini ni giza la tope, hata mkono wako huuoni. Kilichoonekana ni mishale ya ile saa tu, iliyong'aa kijani. Mtungi wenyewe hausemi umebakiza hewa kiasi gani. Ni lazima ujue ulishuka lini na upande lini. Ukiipuuza saa, unabaki huko na kambare.

Basi aliipenda saa ile kupita kiasi. Alilala nayo, akaogea nayo, akaenda nayo msikitini. Mkewe, Zamda, alisema waziwazi kwamba nyumba ile ina wake wawili, na mwenzake ndiye anayetolewa matembezi.

Mwaka wa sabini na mbili, mvua zilipochanganya, saa ikanywa maji. Shomari alikuwa chini akikaza koki alipoona mishale haisogei. Akaacha kila kitu akapanda, na juu akakuta ukungu umejaa ndani ya kioo. Alishukuru Mungu kwamba kazi ya siku ile ilikuwa ndogo. Juma lile lile mafuriko yakaleta magugu ya kila namna, chujio likaziba, na mabomba ya Gongoni na Isevya yakawa yanakoroma tu bila kutoa kitu. Kinamama wakarudi kwenye visima vya zamani, na huko visimani jina la Shomari lilitajwa sana, si kwa sifa.

Meneja wa maji akasema saa ya namna ile ni ya kuagizwa ng'ambo, na fedha za kigeni wakati ule zilikuwa na kazi nyingi kuliko kumfurahisha fundi bomba. Wangoje. Mzee Selemani, fundi saa wa sokoni, akasema hakuna haja ya kungoja. Alikuwa nayo moja inayong'aa kuliko ile ya kwanza.

"Hii hata ukiichemsha na maharage, haiingii maji," alisema.

"Shikamoo mzee wangu, lakini mimi nitaifunga kamba niishushe bwawani kabla sijaivaa."

"Marahaba. Ishushe. Ikifa, juu yangu."

Ikafa, na ikawa juu yake kweli. Ilirudi imejaa maji mpaka kwenye namba.

Shomari hakuwa mtu wa kukaa na kilio. Jioni ile, akila ugali, alitua tonge ghafla. Kwani ni lazima saa ishuke? Saa ikae nchi kavu, kwenye kigogo, salama. Yeye afungwe kamba kiunoni, na wa juu amvute: mvuto mmoja muda ukifika nusu, miwili wakati wa kupanda. Alilipenda wazo lake hata akasahau kunawa.

"Na kamba atashika nani?" Zamda akauliza.

Hapo ndipo penye mfupa. Mtu mwenye nguvu pale bwawani alikuwa mlinzi, Nikolaus, Mnyamwezi wa Goweko, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na, kwa Mzaramo yeyote, mtani asiyejua kupumzika. Alimwita Shomari mtumwa wake mbele ya meneja. Alikula chakula chake bila kuomba. Mama yake Shomari alipofariki, Nikolaus aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo.

"Unampa kamba mtu anayeyasubiri maziko yako kwa hamu?" Zamda alisema. Hakuwa akitania.

"Na kaburi lile alichimba nani, mvua ikinyesha? Ndugu zangu walikuwa wamejikunyata barazani. Alichimba yeye."

Usiku ule Zamda hakulala.

Asubuhi Nikolaus alikuwa ukingoni na saa ya mezani waliyoazima ofisini, akamwamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, mtumwa wangu. Nimekwisha mwambia padri aandae mahubiri."

"Mimi Mwislamu, mpumbavu wewe."

"Ndiyo maana yatakuwa mafupi."

Shomari akashuka akicheka. Chini akalikuta chujio limesukwa kama mkeka. Akakata na kung'oa, akaweka kando. Mvuto mmoja ukaja, akafurahi: mpango unafanya kazi. Akaendelea, akiona kwa vidole kwamba amebakiza fundo moja kubwa. Mara kamba ikamkaza. Haikuwa mivuto miwili waliyokubaliana. Alivutwa moja kwa moja, bila kupumzika, kama mbuzi anayepelekwa mnadani, kisu kikamtoka mkononi. Akajua tu kwamba muda haujafika. Huu ni utani, alijisemea, na hasira ikampanda upesi kuliko kamba ilivyompandisha.

Alitoka majini akitukana. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha. "Nani kakwambia uvute? Hewa ilikuwapo!"

Nikolaus alikuwa amepiga magoti kwenye tope, viganja vimechunika kwa kamba, machozi na mvua vimechanganyika usoni.

"Ilikuwapo," akasema. "Saa naijua kusoma. Dakika zilikuwa bado, mimi ndiye niliyekwisha."

"Umekwishaje?"

"Nilikuwa nayaangalia mapovu yako. Mvua ikaanza kuchapa maji, nikawa siyaoni. Nimevuta mvuto wangu, kimya. Nimekuita, kimya. Nikakuona umekufa, Shomari, na neno la kukutania sikulipata."

Shomari alikaa karibu naye hapo hapo kwenye tope. Hasira ilimwishia akaona aibu, kwa maana kosa lilikuwa lake. Alikuwa amempa Nikolaus kazi ya saa: kusema bila kujibiwa. Saa haiogopi. Akamshika mtani wake begani, akamweleza mpango mpya. Kila ukinivuta, nami nakuvuta. Nisipojibu, hapo nitoe hata kama ni kwa meno.

Akavaa mtungi wa pili, akaazima panga la Nikolaus, akarudi chini. Katikati ya giza kamba ikavuta kidogo, kwa woga. Akavuta kujibu. Ikavuta tena, mara hii kwa kiburi. Alfajiri iliyofuata mabomba ya Gongoni yalikohoa, yakatema tope, yakatoa maji, na Zamda akapika pilau, akampelekea Nikolaus bwawani kwa mikono yake.

Saa mpya kutoka ng'ambo ilifika baada ya mavuno. Meneja alimkabidhi Shomari mbele ya wafanyakazi wote, naye akaivaa mjini siku tatu ili kila mtu amwulize saa ngapi. Siku ya kushuka alikuja nayo mkononi, iking'aa, kisha akaanza kujifunga kamba kiunoni.

"Ya nini tena hiyo?" meneja akauliza. "Saa si unayo?"

"Ninayo, Ndugu Meneja. Itaniambia ni saa ngapi. Haitaniuliza kama mimi ni mzima."

Akampa Nikolaus ncha ya kamba, akaingia majini.